Mbunifu wa Huduma za Kidijitali: Milango ya Kuingilia na Ngazi za Kupanda

Matini ya mhadhara kwa vijana wanaotafuta kazi, wazazi na walimu



Katika afisi za Westlands, Kilimani na kando ya Barabara ya Ngong kuna kazi ambayo miaka ishirini iliyopita ni wachache hapa Nairobi waliojua hata jina lake. Matangazo ya kazi huiita ubunifu wa bidhaa, au ubunifu wa tajriba ya mtumiaji. Vijana wengi huieleza kwa maneno mawili tu: kuchora skrini. Maelezo hayo yamewapotezea baadhi yao muda na karo. Hujifunza kuchora, wakapata cheti, wakapeleka picha maridadi kwa mwajiri, kisha wakaulizwa swali ambalo hawakulitarajia: ni nani aliyeitumia kazi hii, na alikwama wapi?

Mada ya leo ni swali hilo. Anayeweza kulijibu ana nafasi katika kazi hii, awe na shahada au asiwe nayo. Asiyeweza atabaki mlangoni hata akizijua programu zote za kuchorea.

Kazi yenyewe ni ipi?

Tuseme mama mboga wa Kangemi anatuma shilingi 3,000 kwa muuzaji wa jumla wa Marikiti ili apate sukuma wiki na nyanya za kesho. Anakosea tarakimu moja. Pesa zinakwenda kwa mtu asiyemjua, na mtaji wa siku umetoweka. Mtayarishaji programu anaweza kusema kuwa mfumo ulifanya kazi sawasawa: uliagizwa utume, ukatuma. Mbunifu hawezi kujitetea hivyo. Kwake, mfumo unaogeuza kosa dogo la kidole kuwa hasara ya siku nzima una kasoro, na kasoro hiyo ni kazi yake.

Suluhisho lililoingia katika M-Pesa linajulikana na kila Mkenya. Jina la mpokeaji huonekana kabla ya muamala kukamilika, na mtumaji hupata nafasi ya kuusitisha. Huduma hiyo iliitwa Hakikisha. Hakuna rangi mpya wala picha ya kuvutia. Ni hatua moja iliyoongezwa mahali panapofaa, na neno moja la Kiswahili ambalo halihitaji mkalimani.

Jina la kazi hii lilitoka Marekani. Mwaka 1993 Don Norman, mwanasaikolojia, alijiunga na kampuni ya Apple na kuchukua cheo kilichobeba maneno hayo, tajriba ya mtumiaji. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1988, alikuwa amechapisha kitabu kuhusu vitu vya kila siku kama milango, swichi na majiko. Hoja yake ilikuwa rahisi: mtu akishindwa kufungua mlango, uchunguze mlango kwanza kabla ya kumlaumu mtu.

Lakini fikra ya ubunifu unaomtumikia mtu si ngeni hapa mjini. Katikati ya miaka ya 1960, Selby Mvusi, msanii kutoka Afrika Kusini, alifundisha ubunifu katika chuo kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1967. Chuo hicho bado kinafundisha sanaa na ubunifu hadi leo.

Somo la kwanza: majaribio ya M-Pesa

Kijana anayetaka kuelewa kazi hii hana haja ya kwenda mbali. Atazame yaliyotokea Nairobi na Thika kuanzia Oktoba 2005.

Wakati huo Vodafone na Safaricom, wakishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu Kenya, walikuwa wakijaribu huduma ya kulipia mikopo kwa simu. Waliohusika katika majaribio walikuwa mamia tu ya wateja, pamoja na maduka machache ya mawakala. Wazo lilikuwa kwamba mkopaji atapokea mkopo na kulipa kila wiki kwa simu yake, bila kubeba pesa mkononi.

Wasimamizi wa mradi, Nick Hughes na Susie Lonie, walikaa karibu na wateja wakaona mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Baadhi ya watu walikuwa wakiwalipia wenzao mikopo ili nao watendewe jambo jingine. Wenye biashara waliweka mauzo ya siku kwenye simu jioni, kwa sababu benki hufunga mapema kuliko duka la wakala. Wasafiri waliweka pesa upande mmoja wa safari na kuzitoa upande wa pili saa chache baadaye, ili wasiibiwe njiani. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuutuma kwa jamaa mashambani.

Mtu aliyeajiriwa kuchora skrini za kulipia mikopo angeyaona hayo kuwa matumizi mabaya ya huduma. Waliokuwa wakisikiliza waliyaona kuwa ndiyo huduma yenyewe. M-Pesa ilipozinduliwa nchini kote mwezi Machi 2007, habari za mikopo zilikuwa zimewekwa kando. Kilichobaki ni kuweka pesa, kutuma, kutoa, na kununua muda wa maongezi. Ujumbe wa matangazo ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani.

Hapo ndipo thamani ya mbunifu inapopimwa. Yeye ndiye anayepaswa kuwapo mtu anapokitumia kitu kwa namna ambayo mtengenezaji hakuikusudia, na kurudi afisini na ushahidi wa kutosha kubadilisha mpango.

Somo la pili: ramani ya matatu

Mfano wa pili uko chini ya macho ya kila anayepanda gari katikati ya jiji. Kwa miaka mingi, mgeni aliyetaka kwenda Kawangware ilibidi aulize utingo au mpita njia ili ajue kuwa namba 46 ndiyo ya kupanda, na steji yake iko wapi. Ujuzi huo ulikuwa vichwani mwa watu.

Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani pamoja na kampuni ya Groupshot, kilianza mradi wa Digital Matatus. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu zenye uwezo wa kunasa mahali walipo, wakarekodi kila njia na kila kituo. Njia zaidi ya 130 zilikusanywa, na mnamo Januari 2014 ramani ya karatasi ikatolewa kwa umma. Njia zilipangwa kwa rangi kulingana na barabara kuu zinazotoka katikati ya jiji, na takwimu zenyewe zikawekwa wazi ili yeyote aweze kutengeneza programu ya safari.

Wachoraji hawakujifungia chumbani. Abiria na wenye matatu walishirikishwa, kwa sababu wao ndio wanaojua kituo kinaitwaje na watu hutafuta alama gani barabarani. Ramani ilipowekwa mezani, hata wenye magari waliona jambo ambalo hawakuwahi kuliona kwa pamoja: njia nyingi mno zinamiminika katikati ya jiji. Kazi nzuri ya ubunifu humsaidia abiria, na pia humfungua macho anayepanga.

Milango ya kuingilia

Hakuna mlango mmoja wa kazi hii. Hapa Nairobi inafaa kutaja minne.

Mlango wa kwanza ni sanaa na ubunifu. Karibu na mwaka 2000 ilianzishwa NairoBits, shule ya ubunifu wa kidijitali kwa vijana wa mitaa ya mabanda. Mmoja wa waliopitia hapo ni Mark Kamau. Baadaye aliongoza maabara ya tajriba ya mtumiaji katika iHub, kituo cha teknolojia kilichofunguliwa mwaka 2010 katika jengo la Bishop Magua, Barabara ya Ngong. Kisha akaenda BRCK, kampuni ya hapa Nairobi iliyotengeneza vifaa vya intaneti pamoja na Kio Kit, sanduku gumu lenye tableti 40 za kutumiwa shuleni. Safari yake inaonyesha kuwa anayeanza na kurasa za tovuti anaweza kufika kwenye kifaa ambacho mwanafunzi hukishika mkononi.

Mlango wa pili ni uandishi wa programu. Tangu Moringa School ianzishwe mwaka 2014, vijana wengi wamejifunza kuandika programu bila kupitia chuo kikuu. Baadhi yao hugundua kuwa wanapenda kuelewa kwa nini mtu ameshindwa kuitumia programu kuliko kuiandika. Mbunifu anayeelewa programu hujengwaje huaminika haraka na wenzake.

Mlango wa tatu ni sayansi za jamii na uanahabari. Aliyesomea saikolojia, sosholojia au habari tayari amefunzwa kuuliza swali lisilomwelekeza mtu jibu. Ujuzi huo ni adimu kuliko kuchora.

Mlango wa nne hautajwi mara nyingi, nao uko wazi kwa wengi zaidi. Ni kaunta. Kijana anayehudumu katika saiba ya Moi Avenue au Kawangware hujaza fomu za ushuru, huomba vyeti vya tabia njema na hufungua akaunti za eCitizen kwa niaba ya wateja siku nzima. Wateja wengi wana simu zenye intaneti mfukoni, lakini wamekuja kulipa mtu mwingine awajazie. Kila mmoja wao ni ushahidi kwamba kuna hatua mahali fulani ambayo haieleweki. Kijana huyo anajua ni swali lipi huwatatiza, ni neno lipi huwatia hofu, na picha ya ukubwa gani hukataliwa na mfumo. Ana maarifa ambayo kampuni hulipa watafiti kuyatafuta. Anachokosa ni kuyaandika kwa utaratibu, bila kunakili nywila, namba za vitambulisho wala siri za wateja. Hali ni hiyo hiyo kwa wakala wa M-Pesa na kwa anayepokea simu za wateja.

Ngazi za kupanda

Ngazi ya kwanza ni ya mwanagenzi au mbunifu mchanga. Hupewa kipande kidogo, kama fomu moja au ujumbe unaotokea mtu anapokosea namba ya siri. Hapimwi kwa vipaji vikubwa. Hupimwa kwa kumaliza kazi, kueleza sababu za uamuzi wake, na kukubali kusahihishwa bila kununa.

Ngazi ya pili ni ya mbunifu anayebeba safari nzima ya mteja, kuanzia kujiandikisha hadi kupata risiti. Hapa lazima ajue mazingira ya watu wake. Mteja mwenye kabambe hataiona programu yenye picha. Ataona menyu ya USSD, ambayo ujumbe wake hauwezi kuzidi herufi 182, na ambayo hukatika akichelewa kujibu. Mwenye bando la siku atafuta programu nzito. Anayesoma akiwa amesimama ndani ya matatu juani hataona maandishi ya kijivu juu ya rangi nyeupe. Mbunifu asiyejaribu kazi yake kwenye simu ya bei ya chini, nje ya afisi yenye intaneti ya kasi, hajaijaribu bado.

Ngazi ya tatu ni ya mbunifu mkuu. Kuanzia hapa swali hubadilika: badala ya kuulizwa atatatuaje tatizo, huulizwa ni tatizo lipi linafaa kutatuliwa. Njia hugawanyika pia. Wapo wanaoelekea kwenye utafiti, wapo wanaoongoza wabunifu wenzao, wapo wanaokuwa mameneja wa bidhaa, na wapo wanaobaki kuwa mabingwa wa kazi ya mikono. Hakuna njia iliyo duni. Mtu asipandishwe cheo cha kuongoza watu kwa sababu tu anachora vizuri.

Kampuni kubwa za kimataifa zimeongeza nafasi hizi jijini. Microsoft ilianzisha kituo chake cha uundaji programu mwaka 2019. Google ilitangaza mwaka 2022 kuwa Nairobi ingepata kituo chake cha kwanza barani Afrika cha kuunda bidhaa, na ikataja wazi kuwa itaajiri wabunifu na watafiti wa tajriba ya mtumiaji pamoja na wahandisi. Hata hivyo nafasi za wanaoanza ni chache kuliko wanaozitafuta. Wengi hupata kazi ya kwanza katika kampuni changa, benki, vyama vya akiba na mikopo, au mashirika ya kijamii.

Jalada linalofungua mlango

Mwajiri huomba kuona jalada la kazi. Jalada lenye picha ishirini bila maelezo lina uzito mdogo kuliko jalada lenye kazi tatu zilizoelezwa vizuri. Kila kazi ijibu maswali manne: nani alikuwa na shida, shida ilijulikanaje, nini kilijaribiwa kikashindikana, na nini kilibadilika baadaye.

Si lazima kazi hizo ziwe za kampuni. Kijana anaweza kuchukua mwongozo wa chama cha mtaani, ratiba ya zahanati, au namna kikundi cha akina mama kinavyorekodi michango. Achore pendekezo kwenye karatasi, kisha awaombe watu 5 walitumie yeye akitazama kimya. Jakob Nielsen, mtafiti aliyezoea majaribio ya aina hii, alionyesha kuwa watu 5 hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Wanaofuata hurudia yale yale. Sehemu ngumu ni kunyamaza. Mtu akikwama, mkono wa mbunifu huwashwa kutaka kumwonyesha kitufe. Akimwonyesha, amepoteza somo.

Kuna sheria ya kuzingatia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari za watu aeleze anazikusanya kwa nini, apate idhini yao, na asizitumie kwa jambo jingine. Habari za watoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Anayeanza mapema kufuata utaratibu huu huonekana mtu wa kazi.

Tahadhari

Kwanza, programu ya kuchorea kama Figma ni jembe. Hujifunzwa kwa wiki chache, na mafunzo yake mengi ni ya bure. Mzazi anayeombwa karo kubwa aulize: mwanafunzi atafanya majaribio na watu halisi mara ngapi, na nani atamsahihisha?

Pili, baadhi ya waajiri huwataka waombaji wafanye kazi kamili bila malipo kwa jina la mtihani. Zoezi la saa mbili tatu ni la kawaida. Kazi ya wiki nzima itakayotumiwa kibiashara inastahili malipo.

Tatu, ubunifu unaweza kudhuru. Wakenya wanakumbuka programu za mikopo zilizoomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, kisha jamaa na wakubwa wa kazini wakapigiwa simu mkopaji alipochelewa kulipa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zilikuja kuzuia mwenendo huo. Ruhusa ile iliombwa kwenye skrini, na kuna mtu aliyeipanga skrini hiyo ili ikubaliwe bila kusomwa. Mbunifu hatii sahihi kwenye kazi yake, lakini aibu ya mtu aliyepigiwa simu na mwajiri wake ilianzia mezani pake. Kujua kukataa, na kukataa kwa hoja, ni sehemu ya ukuu katika kazi hii.

Huduma za umma zinahitaji watu hawa

Tangu Huduma Centre ya kwanza ilipofunguliwa katika jengo la GPO mwezi Novemba 2013, na eCitizen kuanza mwaka uliofuata, huduma za serikali zimeendelea kuhamia kwenye simu na tarakilishi. Kwa duka, huduma ngumu humfukuza mteja akaenda kwingine. Mkazi anayetafuta cheti cha kuzaliwa, kibali cha biashara au malipo ya maegesho hana duka la pili. Akishindwa, hulipa mtu wa kati, hukosa haki yake, au hutozwa faini.

Katiba ya 2010 inaweka msingi. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, usafiri na habari. Kwa mbunifu, vifungu hivi ni maelekezo ya kazi: maandishi yasomeke na asiyeona vizuri, kitufe kifikike kwa kidole kinachotetemeka, na Kiswahili kiwe kile ambacho mtu husema. M-Pesa, Hakikisha, Fuliza na Ushahidi ni majina yaliyokaa kwa sababu watu waliyaelewa mara ya kwanza.

Anayetaka kuanza wiki hii asisubiri tarakilishi mpya. Aketi saa moja na mzazi, jirani au mteja anayejaza fomu yoyote kwenye simu, kwa ruhusa yake. Aandike kila mahali anaposita, na maneno anayoyasema akisita. Achore upya sehemu moja tu iliyomkwamisha, ampelekee tena mtu yule yule, kisha wengine 4. Karatasi hizo, zikiwa na makosa na masahihisho yake, ndizo ukurasa wa kwanza wa jalada, na ndizo jibu la swali ambalo mwajiri atauliza.